Ukumbi Ulioumbwa na Wimbo: Kuisoma Fani ya Belur Math

Hekalu kuu la Belur Math limezoea kusifiwa kwa maneno yaleyale: ukilitazama huku ni hekalu, ukizunguka ni msikiti, ukisogea tena ni kanisa. Vitabu vya watalii vimeibeba sifa hiyo, wanaotembeza wageni wameikariri, na wageni wengi huridhika nayo wakaondoka. Huo, kwa maoni yangu, ni usomaji wa kivivu. Sijui Mwislamu gani atavua viatu pale akidhani kaingia msikitini, wala Mkristo gani atatafuta altare. Jengo lile ni hekalu la Kihindu tangu msingi hadi kileleni. Limekopa mengi, ni kweli, lakini mkopo mkubwa kuliko yote hauko kwenye kuba wala madirishani. Uko sakafuni, mahali ambapo watu huketi na kuimba.

Belur Math iko Howrah, mji pacha wa Kolkata katika ukingo wa magharibi wa mto Hooghly, ambao wenyeji wanauita Ganga. Ndiyo makao makuu ya watawa wa Ramakrishna. Mwanzo wao ulikuwa wa kifukara. Ramakrishna, aliyekuwa kuhani katika hekalu la Kali huko Dakshineswar, alifariki Agosti 1886, na vijana wachache waliomfuata wakapanga nyumba chakavu Baranagar, nyumba iliyokuwa rahisi kwa sababu watu walisema ina mashetani. Mwaka 1892 wakahamia Alambazar. Mwaka 1898 wakapanga nyumba nyingine Belur, kisha kikanunuliwa kiwanja karibu na hapo, sehemu kubwa ya fedha ikitoka kwa Mwingereza Henrietta Müller. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Swami Vivekananda, kiongozi wao, alibeba begani chombo chenye masalia ya mwalimu wake hadi kwenye kiwanja hicho. Januari 1899 watawa wakahamia.

Walihamia kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye varanda inayotazama mto, isiyo na kuba, isiyo na mnara. Sura hiyo iliwaponza. Manispaa ya Bally ilikataa kuitambua kuwa mahali pa ibada, ikaitoza kodi kama nyumba ya bustani ya mtu binafsi, na shauri likafika mahakamani kabla watawa hawajapata haki yao. Inasimuliwa kwamba hata chai waliyokunywa ilitumiwa kama hoja dhidi yao. Mhakiki wa fani anapaswa kulitilia maanani jambo hili, maana linaonyesha kwamba jengo husomwa na karani wa kodi kabla halijasomwa na mcha Mungu.

Wakati huo hekalu lilikuwa tayari kichwani mwa Vivekananda. Kabla ya kwenda Chicago mwaka 1893 alikuwa amezunguka India kwa miguu na kwa treni, akayaona majumba ya Rajasthan na kuba za Agra. Mwishoni mwa 1896 alikuwa Roma, akaingia Kanisa la Mtakatifu Petro. Aliporudi alimweleza mtawa mwenzake Vijnanananda mambo anayoyataka, na huyu, ambaye kabla ya utawa alikuwa mhandisi wa serikali, akayatia kwenye ramani. Kuna kumbukumbu ya mazungumzo ya 1901 ambamo Vivekananda anamwonyesha msanii mmoja mchoro huo. Anataka ukumbi mkubwa wenye safu za nguzo. Anataka jengo zima, likitazamwa kutoka mbali, lichukue umbo la silabi takatifu Om. Anataka Ramakrishna aketi juu ya bata maji mtakatifu, na mlangoni, kushoto na kulia, simba na mwanakondoo wakilambana kwa upendo.

Alifariki tarehe 4 Julai 1902, chumbani mwake palepale Belur, akiwa na umri wa miaka 39. Ramani ikabaki kwa mhandisi.

Miaka iliyofuata yalijengwa mahekalu madogo tu. La Sarada Devi, mke wa Ramakrishna, lilizinduliwa 1921, na la Vivekananda 1924, kila moja mahali mwili wa mwenyewe ulipochomwa. Jiwe la msingi la hekalu kuu liliwekwa 1929, ujenzi ukakwama kwa kukosa fedha, na jiwe likahamishwa na kuwekwa upya Julai 1935. Fedha zilipokuja zilitoka kwa wanawake wawili wa Marekani, Helen Rubel na Anna Worcester. Kampuni ya Martin Burn ikajenga, na tarehe 14 Januari 1938 hekalu likazinduliwa na Vijnanananda mwenyewe, mzee aliyekuwa ameihifadhi ramani ile tangu ujana. Alifariki Aprili mwaka huo.

Sasa tuingie ndani. Katika hekalu la Bengal la aina ya Dakshineswar, lililojengwa na Rani Rashmoni na kufunguliwa 1855, mungu mke hukaa kwenye chumba kidogo chenye giza kilichoinuliwa juu ya ngazi. Wanaotaka kuimba na kusikiliza visomo wana jengo lao, natmandir, banda la nguzo lililosimama peke yake upande wa kusini. Kati ya mwimbaji na sanamu kuna ua, kuna ngazi, kuna msukumano wa watu wanaogombea kuona kwa nukta chache kabla ya kusukumwa na walio nyuma. Ibada hapo ni ya mmojammoja. Kila mtu huja na haja yake, huipeleka mlangoni, hupokea ua au kipande cha peremende, akaenda zake.

Belur wameuondoa ua ule. Chumba cha sanamu, garbhagriha, na ukumbi wa waumini vimeunganishwa chini ya paa moja, kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kusini kwenda kaskazini. Ukumbi una urefu wa futi 152, yaani mita 46 hivi, upana futi 72, na dari liko futi 48 juu ya sakafu. Nguzo zimepangwa safu mbili, zikiacha njia pana katikati na nyembamba pembeni, kama kanisa kuu la Roma lilivyogawanywa. Zina wajibu mmoja tu wa kifani, nao ni kulipeleka jicho mbele. Kila nguzo unayoipita inakusogeza kwa Ramakrishna wa marumaru, kazi ya mchongaji Gopeshwar Pal, aliyeketi juu ya yungiyungi la petali mia. Hakuna kona ya kuchungulia, hakuna msukumano. Aliyeketi mwisho kabisa anaona vilevile kama aliyeketi mbele, ila kwa udogo.

Kwa nini watawa hawa walihitaji ukumbi wa namna hii? Kwa sababu ya kinachofanyika humo kila jioni. Jua likizama huanza arati: taa huzungushwa mbele ya sanamu, kengele hulia, na watawa pamoja na wageni waliokaa chini huimba kwa sauti moja wimbo ambao Vivekananda aliutunga kwa ajili ya ibada hiyo, wakisindikizwa na ngoma na kinanda. Mtunzi wa wimbo ndiye aliyetunga na ukumbi. Mimi naziona kazi hizi mbili kuwa utungo mmoja. Wimbo unaoimbwa na mamia kwa pamoja hauwezi kukaa katika chumba cha kuhani mmoja, na ukiutoa nje kwenye banda unampoteza anayeimbiwa. Vivekananda alikuwa ameona Ulaya jinsi watu wengi wanavyoweza kuwa na Mungu wao chumba kimoja. Mkopo wake kwa Wakristo ni huo, nao ni mzito kuliko hadithi ya kwamba jengo likitazamwa kutoka juu lina umbo la msalaba.

Ukishaukubali usomaji huu, mapambo ya nje yanarudi kwenye nafasi yake. Juu ya lango kuna kiinuko kinachokumbusha milango mirefu ya mahekalu ya kusini mwa India. Upinde wa uso wa mbele umetoka kwenye mapango ya Kibudha, madirisha na roshani ni za Rajasthan na za Wamughal, kuba kubwa lina damu ya Italia. Vibanda vidogo vinavyolizunguka vina ukingo uliopinda wa nyumba za udongo za vijijini Bengal, paa lililobuniwa kwa mianzi ili mvua iteremke haraka. Lakini angalia kilichoachwa. Hakuna msalaba juu ya kuba, hakuna hilali, hakuna mnara wa adhana. Msanifu amekopa maumbo, hakukopa alama. Dirisha la Kimughal limewekwa kwa sababu linaleta mwanga uliochujwa, na paa la kijiji kwa sababu Ramakrishna alizaliwa kijijini.

Kazi haikosi dosari. Uso wa mbele umejaa mno, kila umbo likidai kusemwa kwanza, na jicho halipati mahali pa kupumzika mpaka limevuka mlango. Tena jiwe la Chunar lenye rangi ya mchanga linatawala sehemu kubwa ya jengo, ilhali baadhi ya sehemu za mbele ni saruji, na tofauti hiyo haifichiki. Nasikitika pia kwamba simba na mwanakondoo hawakufika mlangoni, na bata maji ameishia kuchongwa kwenye kitako cha sanamu. Umbo la Om nimelitafuta kwenye picha zilizopigwa kutoka kila upande, sikulipata. Pengine ni heri. Jengo linalotaka kuwa herufi husahau kuwa nyumba.

Kipimo kizuri cha mafanikio ya Belur kipo mbali sana, San Francisco, kwenye kona ya mitaa ya Webster na Filbert. Huko Trigunatita, mwanafunzi mwingine wa Ramakrishna, alijenga hekalu kwa msaada wa msanifu Joseph Leonard. Lilifunguliwa Januari 1906, likanusurika tetemeko la Aprili, na mwaka 1908 likaongezwa ghorofa ya juu, ambako watawa waliishi, pamoja na kuba zake mashuhuri. Ujumbe ni uleule wa Belur, kwamba dini zote zinaelekea pamoja. Fani ni tofauti kabisa. Chini kuna nyumba ya Kimarekani ya zama zake. Juu kuna kuba moja la Bengal, jingine la Taj Mahal, na mnara wenye meno kama ngome ya Ulaya, kana kwamba mtu mmoja amevaa kofia zote alizopewa zawadi. Nalipenda jengo hilo kwa ujasiri wake na ucheshi wake. Lakini limepanga dini juu ya paa bila kuzikutanisha. Belur zimekutana, kwa sababu zimepewa kazi ya kufanya pamoja.

Dai la kukutana huko lilipata mtihani wake wa kisheria. Katika mzozo kuhusu usimamizi wa vyuo vyao, watawa walidai mahakamani kwamba wafuasi wa Ramakrishna ni dini ya wachache, tofauti na Uhindu, ili wapate ulinzi wa katiba. Mwaka 1995 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliwakatalia: ninyi ni Wahindu. Uamuzi huo haukunishangaza. Mpango wa jengo lao ulikuwa umeshasema hivyo tangu 1938, kwani mwisho wa nguzo zote zile kuna garbhagriha na sanamu inayoogeshwa, kuvishwa na kulishwa kama mahekalu mengine ya Bengal.

Neno la mwisho ni kwa msomaji atakayefika Kolkata. Usiishie uani ukihesabu mitindo. Kapite kwanza kwenye hekalu dogo la Sarada Devi, ambalo limeelekezwa mtoni kwa sababu aliupenda mto, kisha uende kwenye lile kubwa. Hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, na kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Fika kabla ya magharibi, keti katikati ya safu mbili za nguzo, ngoja waimbe, ndipo utoe hukumu.