Heko kwa Mafundi wa Bizimu Ndogo

Anayenunua kielelezo cha plastiki cha kifaru cha vita cha Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, anapata umbo zuri kwa kipimo cha 1/35. Kasoro iko ubavuni. Mikanda inayoshika sepetu na shoka mara nyingi humiminwa pamoja na bodi, ikawa minene na migumu kama ugali uliolala.

Hapo ndipo fundi anapoingia, na hesabu yake haina mchezo: mkanda halisi wenye upana wa milimita 35 unabaki milimita 1 tu.

Kwanza anaukwangua ule wa plastiki kwa kisu chembamba. Kisha anakata mwingine kutoka kwenye karatasi ya risasi, ile iliyofunika vizibo vya chupa za mvinyo za zamani. Risasi ni laini. Inakunjika na kulegea bila kurudi nyuma. Bizimu anaitengeneza kwa waya mwembamba wa shaba, akiuzungusha kwenye kipande bapa cha chuma na kukata pete moja moja.

Wengine hununua bizimu za shaba nyeupe zilizochongwa kwa asidi. Eduard, kampuni ya Ucheki iliyoanzishwa 1989, huuza hata mikanda ya viti vya marubani kwa vielelezo vya ndege, iliyokwisha kupakwa rangi. Bado mkono unahitajika: kibano, tone la gundi kwenye ncha ya sindano, na pumzi kuzuiwa isije ikapeperusha bizimu.

Mafundi hawa wanastahili pongezi hasa kwa uchakavu wanaouonyesha: ncha ya mkanda iliyojikunja, rangi iliyofifia pale mkanda unapopita kwenye bizimu.