Mguu wa Fremu Uliooza

Bisibisi ikizama kwenye fremu ya mlango bila kusukumwa, hapo rangi mpya haisaidii kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwenye nyumba moja ya Buhongwa, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga: fremu ya mninga, miguu yote miwili imeoza chini, juu mbao nzima kabisa.

Mninga hauozi ovyo. Kwa hiyo fundi alianza kwa kutafuta njia ya maji, akaikuta kwenye saruji ya kibaraza, ambamo miguu ilikuwa imezikwa. Ubao hunywa maji kwa kasi zaidi kupitia ncha iliyokatwa kuliko ubavuni, na ukishapita unyevu wa asilimia 20 hivi, fangasi wanaanza kula. Njia za udongo za mchwa hakuziona. Angeziona, dawa ingetangulia.

Alibomoa saruji pembeni, akachimba kwa patasi mpaka ubao ukakataa, kisha akaondoka. Fremu iliachwa ikauke kiangazi cha Juni. Wengi hatua hii huiruka kwa sababu mteja anataka kazi leo, lakini epoksi, gundi ya kujazia, haishiki vizuri ubao wenye maji, na kuufunika ukiwa hivyo ni kuwafungia fangasi chakula ndani.

Uamuzi wake bora ulikuwa kutotibu miguu yote sawa. Wa kushoto ulioza juujuu, akaujaza epoksi. Wa kulia ulikuwa umekwisha. Akaukata kwa mshazari na kuunga kipande kipya cha mninga kwa gundi hiyohiyo. Mshazari una sababu: gundi hushika ubavu wa nyuzi kuliko ncha. Tena kujaza mguu mzima ni kuchoma fedha, na pengine mkebe pia, maana epoksi ikigandana hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja inaweza kufuka moshi. Ndiyo maana hata wa kushoto alijaza tabaka kwa tabaka: kwanza gundi nyepesi kwa brashi ilowe ndani, halafu, ikiwa bado inanata, ile iliyokorogwa na unga laini wa msumeno hadi ikawa nzito kama ugali.

Vipimo vya epoksi na hardina, yaani kigumishi chake, alichukua kwa bomba la sindano. Mafundi wengi wamezoea puti ya magari, ambayo hardina yake ni tone tu, na ukizidisha kidogo inakauka upesi. Kwenye epoksi hardina ni sehemu ya gundi yenyewe. Ukiizidisha huharakishi chochote. Unabaki na kiraka kinachonata hata baada ya mwezi.

Mwisho aliziba ncha za chini kwa epoksi na kuacha nafasi ya kidole kati ya ncha hizo na saruji. Nafasi hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko gundi yote aliyotumia.

Ninapotofautiana naye ni kwenye vanishi. Mwenye nyumba alitaka mistari ya mninga ionekane, fundi akakubali kupaka vanishi ya kawaida, isiyo na kinga ya jua. Mlango unatazama magharibi. Jua la alasiri hupita kwenye vanishi hiyo na kuichakaza epoksi chini yake, igeuke njano, kisha unga. Rangi ya mafuta, praima chini na mikono miwili juu, ingeikinga. Bado inawezekana kuipaka, ila iwe kabla ya mvua za vuli.