Kaftani ya Satini, Igeuze Kwanza

Kaftani ya satini ikitundikwa mlangoni pa duka hapa soko la Jebel, sifa zote zinaenda shingoni. Watu wanasimama, wanashika vile vijiwe vinavyong'aa, wanasema hii ni mali safi. Mimi nasema igeuzeni kwanza. Kazi ya fundi inasomeka ndani, na kwa nyingi tunazouziwa hapa ndani hakuna cha kusoma. Hakuna bitana, hakuna fundo la uzi, ni madoa ya gundi tu yaliyopenya kitambaa kama mafuta ya mandazi kwenye karatasi.

Sisemi kwa chuki, nguo yenyewe naipenda. Inamkaa mnene na mwembamba, inamkaa mjamzito, Mwislamu anaivaa na Mkristo anaivaa. Imetembea mbali pia: masultani wa Uturuki walivaa kaftani za hariri, na Moroko hadi leo ni vazi la harusi. Sisi tuliokulia Kakuma tulizoea madera ya kwenye maduka ya Wasomali, halafu tuliporudi Juba tukaikuta kaftani kwenye sherehe, imekaa bega kwa bega na toob na lawa. Kwa hiyo siulizi kama inatufaa. Nauliza kama aliyeishona alimfikiria mtu atakayeivaa.

Satini si aina ya uzi, ni namna ya kufuma (watu wa pwani zamani waliiita atlasi). Uzi unaruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama, ndiyo maana mwanga unateleza juu yake. Kuruka huko ndiko uzuri wake na ndiko ugonjwa wake, kwa sababu chochote kinachokwaruza kinanasa uzi na kuuvuta. Hizi zetu tena si hariri, karibu zote ni poliesta, inayobana jasho, na joto la Februari hapa mnalijua.

Sasa fikirini ni nani ananunua. Wamama wengi wa huku wanaponda mawe chini ya Jebel Kujur na kuuza kokoto kwa wajenzi. Kiganja cha kazi hiyo ni msasa. Nimemwona mama akijaribu kaftani, akapitisha mkono tumboni mara moja tu ili ikae sawa, uzi ukavutika. Muuzaji akamkemea mbele za watu kana kwamba mkono ule ni uchafu. Mkono ule ndio uliotafuta pesa! Kwangu huo ni upungufu wa nguo, si wa mama.

Kikundi kimoja cha wamama ninachofanya nacho kazi kilichanga miezi minne, kikanunua sare za zambarau kwa harusi ya binti yao. Siku yenyewe walipendeza, sikatai. Zilipofuliwa mara ya kwanza, vijiwe vilibaki chini ya beseni kama mchanga. Duka halikutaka hata kuwasikiliza. Mama mmoja akapeleka yake kwa fundi wa cherehani hapa hapa sokoni, na kazi ya huyo fundi ndiyo iliyonifanya niandike. Aling'oa vijiwe vyote vilivyosalia. Akashona shanga ndogo za fedha, mstari mmoja kuzunguka shingo na mwingine mfupi kushuka kifuani, kila shanga na fundo lake. Ndani akaweka kipande cha pamba kishike uzito, maana satini peke yake inalegea ikibebeshwa. Mwanzoni macho yalikuwa yanakimbia huku na huku juu ya ile nguo. Sasa yanapanda moja kwa moja hadi usoni kwa mwenye nguo. Akapunguza na pindo, vidole viwili juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu kaftani ndefu ilikatwa kwa ajili ya sakafu ya zulia, na sisi tuna vumbi nusu mwaka na tope nusu nyingine.

Kuivaa hakuna siri. Shingo ikiwa na shanga, acha mkufu nyumbani. Vaa shimizi ya pamba ndani, isikugande miguuni. Mkanda sawa, lakini wa kitambaa, ule wa chuma unakwaruza.

Ndugu zetu wa mashirika, nimesikia ikisemwa kwamba mwenye satini hawezi kuwa na shida ya mgao. Hiyo kaftani moja ya zambarau imeshaenda harusi nne kwenye miili minne tofauti, na Jumamosi inaenda Gudele. Mkiiona tena, msimhesabu aliyeivaa kuwa tajiri mpya.

Ikirudi, itafuliwa hivi, na yako ifue hivi: igeuze, maji ya baridi, sabuni ya mche kidogo, uibonyeze bila kuikamua. Dawa ya kung'arisha isikaribie. Ianike kivulini, jua linakula rangi. Pasi ya mkaa ndiyo adui mkubwa, haina kipimo cha moto na cheche moja inatoboa poliesta pale pale. Subiri ipoe, piga upande wa ndani, na leso juu yake. Ya gundi usiipige pasi kabisa pale kwenye vijiwe, gundi inalainika. Siku ya kuivaa, paka mikono mafuta usiku uliotangulia, si asubuhi, maana doa la mafuta kwenye satini linakaa. Na usiitundike kwenye henga ukidhani unaitunza. Shanga ni nzito, zinavuta mabega. Ikunje ndani ya kanga safi, weka juu ya vitu vyote sandukuni.