Mbinu ya Mradi na Stadi ya Kuzungumza: Kutoka Frankfurt hadi Mulungwishi

Mbinu ya mradi si ngeni. William H. Kilpatrick aliieleza huko Marekani mwaka 1918, naye Diana Fried-Booth akaifikisha kwa walimu wa Kiingereza katika kitabu chake Project Work (1986). Dai lake la msingi ni kwamba mwanafunzi hujifunza kuzungumza anapokuwa na kazi halisi inayomlazimu kuzungumza. Ulazima huo ndio unaostahili kuchunguzwa.

Mfano mashuhuri ni ule wa Michael Legutke na Wolfgang Thiel (1983), ambapo wanafunzi wa Kijerumani wa darasa la sita waliwahoji wasafiri kwa Kiingereza katika uwanja wa ndege wa Frankfurt. Uwanja huo hupitiwa na wageni wengi wasiojua Kijerumani. Kwa hiyo mahali penyewe palifanya nusu ya kazi ya mwalimu.

Mbinu hiyo ikihamishiwa Mulungwishi, karibu na Likasi, nusu hiyo hupotea. Kifaransa ni cha shule, Kiswahili cha Katanga ni cha soko na ua, na Kiingereza ni somo tu. Mwanafunzi akitumwa sokoni kuuliza bei ya unga, atauliza kwa Kiswahili, wala hana kosa. Mama muuzaji hakukaa pale ili awe zana ya kufundishia. Kikundi kitapanga kwa Kiswahili, kitahoji kwa Kiswahili, kisha yule hodari ataandika ripoti ya Kiingereza na kuisoma kwa sauti. Kinachopimwa hapo ni tafsiri. Wanyamavu hupewa alama za mwenzao, nao hubaki bubu vilevile walivyoingia.

Kasoro haimo katika mradi, bali katika mahali ulazima unapowekwa. Mahojiano ya sokoni na yaachwe yawe ya Kiswahili (na anayeandika "banasema" asisahihishwe kuwa "wanasema", kwani hiyo ndiyo lugha ya shahidi wake). Kiingereza kianze pale kikundi kilichokwenda sokoni kinapokabiliana na kilichokwenda stesheni, kila kimoja kikiwa na habari ambazo kingine hakiwezi kuzipata ila kwa kuuliza, na karatasi zote zikiwa zimekusanywa. Hata hapo watateleza na kurudi kwenye Kiswahili. Ndiyo sababu mjibuji hafai kuteuliwa na kikundi chenyewe. Achaguliwe kwa kura papo hapo, na alama yake iwe ya wote. Hodari atalazimika kumwandaa mnyamavu kabla ya siku hiyo.