Wapepetaji wa Bahari ya Barents

Aliyekulia na ungo mkononi ataielewa haraka kazi ya chumba cha machekeche kwenye mtambo wa kuchoronga visima vya mafuta. Kaskazini mwa Norway, baharini mbali na mji wa Hammerfest, jua huzama mwishoni mwa Novemba na halionekani tena hadi Januari inapokaribia kwisha. Gizani humo watu wanapeta: kinachofaa kibaki, makapi yatoke. Ila makapi ya huko hayana pa kutupwa.

Keekee inaposaga mwamba chini ya sakafu ya bahari, tope maalumu, mara nyingi la mafuta, husukumwa ndani ya mabomba. Hupooza keekee, huzuia gesi isifumke, kisha hupanda na kokoto. Uamuzi 2000/3 wa OSPAR, mkataba wa kulinda bahari unaozibana nchi za Atlantiki ya Kaskazini Mashariki, hauruhusu kokoto hizo kumwagwa kama mafuta yaliyozishika yamezidi asilimia 1 ya uzito wake mkavu. Piga hesabu: shimo la kipenyo cha inchi 17.5 na urefu wa mita 1,000 hutoa mwamba wa karibu mita za ujazo 155, takribani tani 400. Zote hujazwa kwenye makasha na kushushwa melini kwa kreni. Upepo ukichafuka kreni husimama, makasha hujaa, na keekee nayo husimama.

Lakini kokoto si tatizo kubwa, zinaonekana. Hatari ni vumbi la mwamba. Pipa moja la vumbi likiponyoka machekecheni, ukitaka lisizidi asilimia 5 ya tope, utaliongezea mapipa 19 ya kimiminika safi. Uzembe wa pipa moja umezaa mapipa 20 ya kuhifadhi, kusafirisha na kusafisha.

Ndiyo maana namvulia kofia mtu wa machekeche, ingawa biashara ya mafuta yenyewe ina mengi ya kujibu. Nyavu zake nyembamba huzuia chembe za mikromita 74 hivi, karibu na unene wa unywele. Akiweka wavu mwembamba kupita kiasi, tope la thamani humwagika pamoja na makapi; akiweka mpana, vumbi linarudi kisimani. Basi hutazama ufuko, mstari ule ambapo wavu unaotetemeka huacha kung'aa kwa unyevu. Tope likilowesha kama robo tatu ya wavu, na kokoto zikimalizia safari yake pakavu, mambo ni shwari.

Baridi huja na fitina zake. Pampu zikisimama, tope lililolala kwenye bomba linalopita majini huganda kama uji wa jana. Likipanda tena hupita juu ya wavu bila kuchujika. Mjuzi huwa ameshaomba pampu zianze polepole, na ameshaweka nyavu pana. Joto la kisima likifika juu, huzibadilisha moja moja.

Kokoto nazo huzisoma. Zilizoviringika zimesagwa mara nyingi mno chini. Vibanzi virefu vyenye ncha ni ukuta wa kisima unaomeguka.

Halafu lipo tundu kwenye wavu. Huzima chekeche moja, mengine yakiendelea kunguruma, anaosha wavu, anamulika tochi kutokea chini na kupitisha kiganja taratibu. Mwanga unachungulia penye mchaniko usiozidi sarafu. Anaung'oa wavu, anaufunga mwingine, anawasha.