Mwisho wa Futikamba

Matawi ndiyo yaliyotuarifu. Mtu alikuwa amekata matawi mabichi ya miombo akayalaza kwenye lami, moja baada ya hatua kumi hivi, na Hiace yetu ikapunguza mwendo kabla hatujaona chochote. Tulikuwa tumetoka Tabora mjini kuelekea Urambo, jua limeinama usawa wa kioo cha mbele. Barabara hii ni mzee. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilipita upande huu kwenda Ujiji, na kirangozi aliyetangulia alipofika njia panda aliziba kwa tawi ile isiyo yao, ili wapagazi wa nyuma wasipotee. Tawi bado linasema. Siku hiyo lilisema: polepole, kuna watu chini.

Mkokoteni wa maksai ulikuwa umelala ubavu, gurudumu moja hewani, marobota matatu ya tumbaku yamefumuka. Maksai mmoja alisimama majanini na kipande cha nira shingoni. Mwenzake alilala, mguu wa nyuma umevunjika. Pikapu nyeupe ilikuwa imetazama porini, taa ya mbele ya kushoto haipo. Mzee mwenye mkokoteni alikuwa amekwisha kupakiwa kwenye gari la msamaria kwenda hospitali, mkono umevunjika. Amebaki mjukuu wake, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, ndiye aliyekuwa akiongoza maksai kwa mbele. Na amebaki dereva, akizungumza bila kupumua: mkokoteni ulikata barabara ghafla, breki zilikataa, jua lilimpiga machoni. Sababu tatu, na watu waliomzunguka walikuwa wamekwisha kutoa hukumu mbili zinazopingana.

Trafiki aliyekuja alikuwa koplo wa makamo, na pikipiki, na mkoba wa turubai. Hakumuuliza mtu yeyote nani ana makosa. Alimsalimu kijana kwa lugha ya kwao, “Mwadila,” akamwuliza kama ameumia, akamwomba akae kivulini asiongee na mtu. Dereva naye akamweka upande wa pili wa barabara. Kisha akafanya jambo lililowaudhi wengi: akatembea. Aliwapa mgongo wote, akarudi nyuma kuelekea tulikotoka, taratibu, macho chini, mita mia na zaidi, kisha akarudi kwa ukingo mwingine. Hakugusa kitu. Abiria mmoja akanong’ona kwamba huyu anatafuta mahali pa kuzungumzia vizuri. Najua msomaji naye amewaza hivyo hivyo. Kwenye njia hii hii, enzi za watemi, hongo ilikuwa ushuru wa wazi wa kupita, hesabu ya vitambaa na shanga; neno limebaki, maana imeingia mfukoni. Lakini mimi nasimulia nilichokiona.

Aliporudi alitoa mkobani vitu vitano: futikamba ndefu ya kitambaa, chaki ya manjano, daftari lenye miraba, rula, na penseli mbili zilizochongwa pande zote. Alihitaji mtu wa kushika upande wa sifuri. Hiace ilikuwa inaondoka, mimi nikashuka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta kitu kisichohama. Kulikuwa na mwembe mkubwa pembeni, wa aina ile ambayo watu wa Unyanyembe, eneo hili la Tabora, huihusisha na enzi za misafara, nami nikaushika kwa bidii ya mgeni. Akatikisa kichwa. “Mwembe unaweza kukatwa kesi haijaisha.” Akachagua kona ya kalavati ya zege, na nguzo ya umeme iliyoandikwa namba. Kila alama tuliyoipima ilipimwa mara mbili: kutoka kalavati na kutoka nguzo. Nilipouliza kwa nini, alichora haraka kwenye ukingo wa karatasi pembe tatu, akaniacha niitazame. Umbali mmoja unakupa duara zima. Umbali wa pili, ukijua uko upande gani, ndio unaokukamata mahali pamoja. Hakimu ambaye hajawahi kufika hapa anaweza kuja na futikamba yake baada ya miaka miwili, akasimama pale pale.

Tukaanza na matairi. Alama mbili nyeusi kwenye lami zilianza hafifu kama vumbi la mkaa, zikakolea, zikaishia pale mkokoteni ulipogongwa. Koplo alipiga magoti, shavu karibu na lami, akitazama alama kwa usawa wa jua ili aone hasa zinaanzia wapi, kwa sababu mwanzo wa alama ni jambo la kubishaniwa. Aliweka chaki, akainuka, akatazama kutoka upande wa pili, akairudisha chaki nyuma kwa kiganja kimoja. Kushoto mita 18 na sentimita 40. Kulia mita 18 na 10. Alizisoma kwa sauti, akanitaka nizisome nami, ndipo akaandika.

Baadaye nilielewa kwamba hapo sababu moja ya dereva ilikuwa imekwisha kuanguka bila kelele. Breki zilizokataa haziandiki mita 18 kwa magurudumu yote mawili, tena karibu sawa. Na kuna la zaidi kwa anayejua hesabu: kwenye lami kavu, kuburuza matairi mita 18 mpaka gari lisimame huhitaji mwendo wa kilomita 55 hivi kwa saa. Gari hili halikusimama lenyewe. Lilisimamishwa na mkokoteni, kwa hiyo mwendo ulizidi hapo. Koplo hakumwambia dereva hivyo. Alipanda pikipiki akarudi mpaka kwenye kibao cha 50, akahakikisha kimesimama, hakijafunikwa na kichaka, akapima kimo cha majani yaliyokizunguka. Kama majani yangekuwa yamekificha, angeandika pia.

Mahali pa kugongana palimchukua muda mrefu kuliko pote. Mimi ningeweka alama penye vioo vingi. Yeye alivipita vioo; vioo huruka. Alitafuta udongo. Gari linapogonga, tope lililokauka chini ya bodi hudondoka karibu na papo hapo, nalo haliruki mbali. Aliukuta, mabonge ya udongo mwekundu kwenye lami nyeusi, na hatua moja kutoka hapo mkwaruzo mpya, mweupe, ambapo ekseli ya mkokoteni iliichimba lami. Vitu viwili vya asili tofauti vikisema mahali pamoja: hapo akaandika herufi D, akaizungushia duara. Kutoka ukingo wa kushoto wa lami, sentimita 90.

Sasa, hizi sentimita 90 zilimtetea dereva kidogo. Mkokoteni ulikuwa na gurudumu lake la kulia juu ya lami kweli. Nilidhani tumefika. Koplo akaiacha lami kabisa, akashuka kwenye bega la barabara, penye vumbi, akaanza kusoma kwato.

Nimekulia kwa wafugaji, na bado sikuwahi kuona mtu akisoma kwato kwa rula. Vumbi la Julai ni laini kama unga wa muhogo. Nyayo za maksai wawili zilikuja zimepangana, za ndani na za nje, umbali wa nira kati yake, na mfuo wa tairi la mkokoteni ukizifuata. Mbele yake zilitangulia kandambili ndogo. Kwa hatua zaidi ya arobaini msafara huu mdogo ulitembea juu ya bega, umenyooka. Kisha kukawa na korongo dogo, mahali ambapo maji ya masika yamelila bega mpaka kwenye ukingo wa lami. Hapo ndipo mfuo ulipoanza kupinda. Haukukata. Ulipinda kama mtu anayezunguka dimbwi: kwanza kiganja, kisha futi, mpaka gurudumu likapanda lami. Koplo aliupima mpindo kila baada ya mita moja, vipimo tisa, akavipanga safu. Korongo nalo lilipimwa urefu, upana na kina, kwa sababu kama kuna wa tatu wa kuulizwa katika shauri hili, ni huyo.

Mita tisa. Maksai wenye mzigo hutembea mita moja hivi kwa sekunde. Basi ile “ghafla” ya dereva ilikuwa ya sekunde tisa. Na kutoka kilele cha mwinuko nyuma yetu, mahali ambapo gari huanza kuuona mnyooko huu, tulipima mita 160 kwa kuhamisha futikamba mara nne, mimi nikiweka jiwe kila mwisho. Gari la kilomita 60 kwa saa hula mita 160 kwa sekunde chini ya kumi.

Huko Australia na New Zealand wana mbio za farasi wafungwao vigari vyepesi vya magurudumu mawili, na dereva anayemziba mwenzake huitwa mbele ya wasimamizi kujibu tuhuma ya kuendesha bila uangalifu. Wasimamizi hao wana picha za video kutoka pembe kadhaa. Huzirudisha, huzisimamisha, humwuliza dereva alikuwa anatazama wapi. Swali lao na la Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ndugu: haliulizi kama wewe ni dereva mbaya, wala haliridhiki kwamba mtu ameumia. Linauliza mwangalifu angefanya nini, hapo, wakati huo, kwa alichokuwa anakiona. Koplo hakuwa na video. Alikuwa na chaki, na mwanga ulikuwa unamwishia.

Kijana alihojiwa chini ya mwembe. Nilikaa mbali lakini sauti zilinifikia. “Ulipofika penye korongo, mguu wako ulikanyaga wapi?” Kimya kirefu. Koplo akakiacha kimya kikae. “Ulisikia nini kwanza?” Alisikia mlio wa matairi, akasema mtoto, kisha babu akamwita jina. Dereva naye hakuulizwa mwendo. Nani husema mwendo wake? Aliulizwa aliona nini cha kwanza baada ya mwinuko. Akasema, taratibu safari hii, “Afande, niliona mwanga tu.”

“Jua,” koplo akaandika. Hakuipinga wala hakuitikia. “Kesho saa hizi hizi nitakuwa hapa.”

Nami nikawapo. Kesho yake alifika saa kumi na moja na nusu akakaa juu ya pikipiki kwenye kilele cha mwinuko, akisubiri. Mkaguzi wa magari alikuwa amekwisha kuikagua pikapu mchana: breki nzima, usukani mzima. Kimebaki kitu kisichokaguliwa gereji. Ilipokaribia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, dakika ile ya ajali, jua likashuka juu ya mnyooko, na nakiri kwamba barabara ilitoweka. Haikuwa uongo. Lami yote iligeuka bati linalowaka. Koplo aliinama mpaka macho yake yakawa kimo cha dereva wa pikapu, akaweka kiganja juu ya nyusi kama kile kibao cha kukinga jua garini, akamwomba mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa apite mbele yetu, na akamtazama akienda. Alipotea. Karibu na kalavati, penye kivuli cha mwembe, akaonekana tena, mweusi na wazi, magunia yake pande zote. Kutoka hapo mpaka alama D tulipima mita 62.

Aliandika yote mawili: panapopotea na panaporudi. Mtu anayemtaka dereva afungwe angeandika la pili tu, na rafiki wa dereva la kwanza tu.

Nyumbani kwa mzee hapakuwa mbali. Tulimkuta amekaa kigodani, mkono kwenye plasta, fomu ya polisi, PF3, imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Koplo alimwamkia, “Shikamoo, baba,” akamfungulia mchoro safi, ule aliokesha usiku akiuchora kwa rula: barabara mistari miwili, kalavati, nguzo, herufi A mpaka K, na chini maelezo ya kila herufi. Mzee hakuuliza maana ya herufi. Aliizungusha karatasi magotini mpaka barabara ya kwenye karatasi ikaelekea sawa na ile ya nje. Akaisoma kwa kidole, kutoka mashariki, hatua kwa hatua, akapita korongo, akasimama.

“Mjukuu wangu umemweka kulia.”

“Ndiyo, baba.”

“Alikuwa kushoto. Kulia ni mimi.”

Koplo alifungua daftari la jana, lile lenye vumbi, akatafuta kandambili. Zilikuwepo, kushoto, sentimita 40 kutoka mfuo; yeye ndiye aliyezihamisha vibaya usiku. Ufutio ulikuwa mkobani, niliuona. Hakuutoa. Alipiga mstari mmoja juu ya alama yenye kosa, mwembamba, ili bado isomeke, akaweka alama mpya mahali pake, akaandika kando tarehe na saa, akasaini. Akampa mzee peni naye aweke yake. Mzee akasaini kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi tatu. Kisha koplo akanigeukia, akanipa tena mwisho wa futikamba, turudi barabarani kabla giza halijaingia.