Bolti Isiyotaka Kung'aa

Ukifungua boneti ya Datsun 240Z ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo haijawahi kupulizwa rangi mle ndani, jicho huvutwa kwanza na dhahabu. Servo ya breki, vibanio vya mabomba, komeo la boneti na springi yake, mabano ya kushikia nyaya na karibu kila bolti, vyote vina manjano yasiyotulia. Ukitazama wima ni dhahabu; ukiinamisha kichwa kidogo yanageuka waridi, halafu kijani, halafu yanarudi yalikotoka. Hakuna rangi ya kopo inayofanya hivyo. Ile ni zinki iliyochovywa kwa umeme, na juu ya zinki kuna utando mwembamba mno wa kromati, unaochezea mwanga kama mafuta juu ya maji ya dimbwi.

Gari hili Waafrika Mashariki tunalijua kwa jambo jingine. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Waliojipanga kando ya barabara kulishangilia waliona tope, taa na vumbi. Dhahabu ilikuwa chini ya boneti, na haikuwekwa pale ili ionwe na mtu. Ndiyo maana nataka kuwasifu mafundi ambao kazi yao ni kurudisha sura ya vitu ambavyo hata aliyevitengeneza hakujali vina sura gani.

Mpiga kromu simsemi hapa, maana yeye wa kumsifu hakosi. Bampa yake inaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Fundi ninayemsema huchukua bolti iliyokuwa ya kijivu akairudisha iwe ya kijivu, tena kijivu kile kile, kisichozidi wala kupungua. Kishawishi kinachomkabili kila siku ni kuipendezesha kuliko ilivyokuwa. Mwenye gari mwenyewe mara nyingi ndiye anayemsukuma: "Si uing'arishe tu kidogo, fundi?" Na fundi mzuri hukataa kwa adabu, au hujifanya hakusikia.

Gereji zetu nyingi zina jibu moja kwa chuma kilichochakaa, nalo ni silva ya kopo. Injini silva, mabano silva, bolti silva, hata mipira iliyokuwa karibu hupata fungu lake. Siku ya kwanza gari linapendeza. Spana ikigusa kichwa cha bolti mara mbili, silva inabanduka na kutu inachungulia. Lakini kuharibika siyo kosa lake kubwa. Kosa lake ni kwamba inafuta tofauti, kwa sababu kiwanda hakikukipa kila chuma ngozi moja.

Wahandisi walipanga ngozi hizo kwa sababu za kazi, na za senti. Zinki ilipewa bolti za kawaida kwa sababu hujitoa mhanga: penye maji na hewa, yenyewe ndiyo huliwa kwanza, na chuma kilicho chini yake hubaki kizima kwa muda. Kadimi, metali iliyogunduliwa na Friedrich Stromeyer kule Ujerumani mwaka 1817, ilipendwa kwenye ndege na kwenye magari mengi ya Uingereza na Marekani kwa kuwa inastahimili chumvi na ni telezi, hivyo nati hukaza bila kukwaruzana na bolti. Ni ya kijivu laini chenye weupe, na macho yaliyozoea huitofautisha na zinki hata jioni. Fosfati ni habari nyingine kabisa. Thomas Watts Coslett aliipatia hataza Uingereza mwaka 1906, kisha kampuni ya Parker ya Detroit ikaieneza kuanzia 1915. Chuma huchemshwa ndani ya mchanganyiko wa asidi ya fosfori na manganizi au zinki, kikatoka kimefunikwa na chembe ndogo ndogo zinazonywa mafuta na kuyashika. Rangi yake ni kijivu cha makaa, haina mng'aro wowote. Ukiona bawaba za boneti za gari la Kimarekani la miaka ya 1960 zinameremeta, ujue aliyezigusa hakuuliza.

Kuuliza kwenyewe kunafanyika kwa kufungua. Jua, maji na joto la injini hula ngozi ya nje, lakini chini ya washa, nyuma ya bano, ndani ya tundu ambalo bolti ilikaa miaka hamsini, rangi ya kiwandani hubaki. Fundi makini hufungua polepole, hupiga picha kabla na baada, na akiona kipete cha rangi mahali washa ilipokuwa imelala, hapo ndipo anaposoma: hii ilikuwa njano, hii nyeupe, hii nyeusi ya mafuta. Hukitenga kipande hicho, hakichovyi. Hicho ndicho cha kufananishia vingine vyote.

Kazi yenyewe inaanza na kuosha, na hapa ndipo wengi wanapotelea. Mafuta ni adui asiyeonekana. Bolti inaweza kuwa safi machoni na bado ikawa na utando wa mafuta utakaoizuia zinki kushika. Jaribio lake ni la maji matupu: suuza kipande, kiinue, utazame. Maji yakitanda yote kwa pamoja bila kukatika, ni safi. Yakijikusanya matone matone, rudi mwanzo.

Kisha inafuata tindikali ya chumvi iliyopunguzwa kwa maji. Zinki ya zamani huchemka kwa mapovu mengi, halafu mapovu hupungua, halafu hukatika. Fundi husubiri pale pale, kwa sababu mapovu yakikatika zinki imekwisha, na kila dakika inayoongezeka ni ya kula chuma chenyewe. Baada ya hapo husugua kutu iliyobaki kwenye mashimo madogo, na hapa ndipo ladha ya fundi inapojulikana. Akitumia mchanga mkali, uso unakuwa wa kukwaruza, na dhahabu itakayokuja juu yake itafifia ifanane na haradali. Aking'arisha kupita kiasi, bolti itatoka kama pambo la mkufuni, jambo ambalo halikuwahi kutokea kiwandani. Anachotaka kiko katikati: mistari midogo ya mashine iliyokata kichwa cha bolti ionekane, na alama ya mtengenezaji isomeke. Bolti mpya ya dukani ina 8.8 kichwani, na mtu anayejua huiona mara moja hata ikiwa na rangi sahihi.

Ndani ya beseni la kuchovya, vipande vya zinki hufungwa upande wa chanya na bolti upande wa hasi, kwa volti chache tu. Hakuna haraka. Umeme ukizidi, zinki hujazana kwenye kona na kuota vipele vyeusi. Tabaka la kawaida ni mikromita 8 hivi, ambalo unaweza kulidhani si kitu, lakini kwenye nyuzi za bolti hesabu hubadilika: kwa umbo la nyuzi zenyewe, kipenyo chake huongezeka mara nne ya unene wa tabaka, yaani mikromita 32. Ndiyo maana bolti iliyochovywa kwa ukarimu hukataa kuingia kwenye nati yake ya siku zote.

Springi na bolti ngumu zina hatari yake. Tindikali na umeme husukuma haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho hugeuka kuwa chepesi kuvunjika bila kuonyesha dalili. Kinaweza kufungwa leo, kikakatika keshokutwa gari likiwa limeegeshwa. Dawa ni kukioka kwenye joto la nyuzi 190 hadi 200 kwa saa kadhaa, mara tu kinapotoka kwenye zinki. Anayeruka hatua hii kwenye bolti za breki au za usukani namwogopa kuliko mwenye silva yake.

Sasa ndipo dhahabu inapokuja, na inakuja kwa sekunde. Kipande kilichosuuzwa huzamishwa kwenye kromati, hutikiswa, huinuliwa. Kwanza huonekana ubuluu hafifu, kisha njano ya limau, kisha dhahabu, na ukichelewa, kahawia ya udongo. Fundi haangalii saa. Anaangalia kipande chake kile alichokitenga. Akiridhika, kile kilichozamishwa hukisuuza kwa maji baridi na kukiacha kikauke polepole, kwa maana joto likizidi nyuzi 60 hivi, utando hupasuka na rangi hupotea. Hata hivyo hakuna kukigusa. Utando mbichi ni laini, kidole kimoja kinaufuta, na hukomaa baada ya siku nzima. Nimeona mtu mzima aliyeshika nyundo miaka yote akining'iniza bolti kwenye waya, mikono nyuma, akimzuia kila anayeingia asisogee.

Kromu ningeipita haraka, ila kuna jambo moja. Ile kromu inayoonekana ni nyembamba kuliko mikromita moja; chini yake kuna nikeli, na mara nyingi shaba chini ya nikeli. Kila kilicho chini huonekana juu, kwa hiyo ustadi uko kwenye msasa na kitambaa, na hasara pia iko hapo hapo. Mng'arishaji mwenye pupa hufuta herufi za nembo na kulegeza kona zilizokuwa kali. Tena kuna umri wa kuheshimiwa. Kromu ya biashara ilianza kuenea katikati ya miaka ya 1920, na fremu ya rejeta ya Ford Model A ya 1928 na 1929 ilikuwa ya nikeli, yenye joto la umanjano kidogo. Ya 1930 na 1931 ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu. Ukiipiga kromu ile ya 1928, umeipa weupe wa kibuluu ambao gari hilo halikuzaliwa nao.

Na Land Rover je? Zile za Series tulizozizoea kwenye mbuga na misheni zina bodi ya aluminiamu, lakini bampa ya mbele na vipande vya kufunika kingo za bodi ni vya chuma kilichotumbukizwa ndani ya zinki iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 450 hivi. Ni ngozi ile ile ya mabati ya paa, na ikiwa mpya huonyesha chembe pana zilizosambaa kama mabati mapya. Wengi huzisugua zikang'aa, au huzipaka silva. Afadhali zipelekwe kutumbukizwa upya, ingawa zinki ya siku hizi, yenye risasi kidogo, haitoi chembe kubwa kama za zamani. Kijivu chake kitafifia chenyewe kwa mvua za miaka michache.

Sifa zisinifanye nisahau sumu. Kadimi ni ile iliyotoka mgodini na kuingia Mto Jinzu katika mkoa wa Toyama, Japani, ikapita kwenye mpunga hadi kwenye mifupa ya watu; maumivu yao yalikuwa makali hata ugonjwa ukaitwa kwa kilio chao, itai-itai, na serikali ikautambua mwaka 1968. Kromati ya zamani, iliyotoa dhahabu nzuri kuliko zote, husababisha saratani, na Umoja wa Ulaya uliifungia kwenye magari mapya mwaka 2007. Siku hizi kuna kromati nyingine isiyo kali hivyo, ambayo dhahabu yake imepauka na wakati mwingine husaidiwa na rangi ya kutia. Wanaojiita wakweli wanaikejeli. Mimi naona sura ya bolti haistahili figo ya mtu, na mwenye beseni la kadimi nyuma ya nyumba, anayemwaga suuza kwenye mtaro, hana ufundi wa kunishawishi.

Kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, inayofanyika tangu 1970, majaji hutazama hadi injini na uvungu wa gari. Hilo limefanya mema mengi, lakini limezaa pia ugonjwa wa kuchovya kila kitu upya, hata kile ambacho hakikuhitaji. Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unataka kwanza kuhifadhi kilichopo, na kurudisha upya kufuate baadaye. Nakubaliana nao bila kigugumizi. Bano lenye nusu ya dhahabu yake ya kiwandani ulioshe kwa sabuni laini, ulifute, ulipake mafuta mepesi, uliache. Ukishalitia tindikali, ile nusu haipatikani tena popote, hata kiwandani.

Yale yasiyookoka yachovywe, na yachovywe pamoja. Karakana za kuchovya hutoza kwa mzigo, ndoo nzima ikagharimu karibu sawa na konzi ya bolti, na rangi ya beseni moja siku moja haifanani na ya wiki ijayo. Andika orodha, piga picha ya kila fungu juu ya karatasi yenye vipimo, hesabu, kisha hesabu tena mbele ya atakayepokea. Washa ndogo huanguka chini ya beseni, na hakuna atakayeingiza mkono kuitafuta.